Mguu wa Cherehani

Mguu wangu wa kulia
umekwenda safari ndefu bila kutoka Bondeni.
Miaka ishirini na saba juu ya kanyagio,
magauni ya harusi, sare za shule, mapazia ya watu,
na mimi nimekaa.
Uzi uliopita mikononi mwangu, mtu akiunyoosha,
utafika Voi, urudi, na wa kufungia vifungo ubaki.

Kwa hiyo daktari aliposema,
"Bi Rukiya, tembea, na ukiweza, kimbia,"
nilicheka, nikamwonyesha mguu.
Aliangalia karatasi ya sukari.
Hakucheka.

Raba nilizipata Kongowea, rundo la mia tatu,
moja ina kamba nyekundu, ya pili kijani.
Nikashika njia ya Tononoka baada ya sala ya alfajiri,
dera nimelifunga kiunoni,
suruali ya mwanangu chini yake.
Muuza mahamri wa pale kona akasimamisha mwiko:
"Fundi, kuna moto?"
Nikasema la.
Neno lenyewe moja, na likanimaliza pumzi.

Hatua mia mbili. Nilizihesabu.
Ya mia mbili na moja ilikataa.
Kichomi kikaingia chini ya mbavu, upande wa ini,
kama pini iliyosahauliwa ndani ya gauni
siku ya kujaribu.

Kesho yake ndipo nilipojua nina mwili.
Vigimbi vimekaza kama kola iliyotiwa wanga.
Ngazi za nyumbani nilizishuka kinyumenyume,
viganja ukutani,
na mjukuu wangu amesimama chini ananitazama:
"Nyanya, unakwenda au unarudi?"

Mji huu kila mtu ni tabibu wa goti la mwenzake.
Mwenye kuleta zipu akanipa mafuta ya karafuu.
Mwenye kuchukua shela akasema maji moto na chumvi.
Muuza juisi akanifungia barafu kwenye mfuko wa sukari,
(tulicheka kwa huo mfuko).
Shemeji Athmani aliniambia acha tu,
umri huu ni wa kukaa barazani.
Yeye amekaa barazani miaka kumi
na mgongo unamuuma.

Yale maumivu ya kwanza nikayazoea.
Yaliamka nami, yakanuna,
yakishapata joto yanayeyuka kama samli.
Lakini wiki ya tatu kijana mmoja alinipita uwanjani
akasema, "Hodari, mama!"
Nami kwa neno hilo nikapiga mizunguko minne
bila kusimama.

Likaja jingine.
Hili halikutembea mguu mzima.
Lilikaa mahali pamoja, mbele ya muundi,
upana wa kifungo cha shati.
Nikiligusa naruka.
Nikalificha. Nikalikimbilia juu siku tano,
nimeuma meno.

Siku ya sita Kadzo, mwanafunzi wangu,
alikuwa anapinda ukingo wa shuka, ana haraka,
anavuta kitambaa kwa mikono miwili.
Tak! Sindano vipande viwili.
Nikamrukia:
"Mara ngapi nimekwambia usikivute!
Meno ya chini yatakipeleka yenyewe.
Kazi yako ni kukielekeza tu!"
Hakujibu.
Aliutazama mguu wangu
nilioupandisha juu ya kigoda, umefungwa leso.
Akaenda kutafuta sindano nyingine.

Nilipumzika siku kumi na mbili.
Siku hizo nilizichukia kuliko maumivu.

Sasa natembea nguzo mbili za taa,
nakimbia moja.
Watoto wa madrasa hunipita, paka hunipita.
Goti bado linalia, sauti ya mashine iliyokosa mafuta,
nami silinyamazishi; nalisikiliza,
kuna siku linasema twende,
kuna siku linasema rudi ulale,
na siku nyingine linapiga domo tu.

Leo asubuhi nimepita pale kona,
jasho limeshika dera mgongoni.
Mwiko ukasimama.
"Fundi, huo moto haujazimwa?"

Bado, nikamwambia.
Na pumzi ikabaki.